Paka Aliyeitwa Shangazi

Siku ambayo Baridi alimleta paka nyumbani, mkewe alikuwa amesimama jikoni akitafuta maneno. Alikuwa na jambo la kumwambia, na tangu asubuhi amelibeba kama mtu aliyebeba sufuria ya maji ya moto, haoni pa kuitua. Alishapanga: akiingia, atamwacha anawe, atamwekea chakula, kisha atasema. Mlango ukafunguka. Baridi akaingia kinyumenyume, kama aingiavyo anapoingiza friji kwenye nyumba za watu, ila safari hii hakuwa na friji. Alikumbatia kikapu chenye kifuniko, na ndani ya kikapu kitu kilikuwa kinalia kwa sauti ya bawaba iliyokosa mafuta.

"Anaitwa Shangazi," alisema. "Nimemleta akae na sisi."

Maneno yote aliyoyapanga mkewe yakarudi yalikotoka.

Mke huyo alikuwa mwalimu wa udereva. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, na kwa kuwa mguu wake haukubanduka juu ya breki hiyo, wanafunzi walimbatiza Breki. Jina likamfuata hadi nyumbani, mume akalidaka, wakwe wakalidaka. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa majokofu. Jina la Baridi alilipata kazini, lakini lilimkaa na kitabia pia: hapandishi sauti, hagombi, akiudhika sana huenda kunywa maji. Siku ya harusi yao rafiki mmoja alisema nyumba ya Breki na Baridi haiwezi kugonga wala kuungua. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka uliopita nyumba iligonga. Breki alishika mimba, wakafurahi, wakamwambia kila mtu, mama mkwe akaleta blanketi ndogo za manjano. Kisha mimba ikaharibika, na kila aliyepewa habari njema ikabidi apewe na ile nyingine. Hiyo ndiyo kazi iliyommaliza Breki. Kulia alilia akatosheka, lakini kupokea simu na kueleza upya, kwa huyu na kwa yule, ndiko kulikomkausha. Baada ya hapo nyumba ikanyamaza. Hawakugombana hata siku moja. Walipitana tu kwenye korido kama wapangaji.

Sasa alikuwa na mimba tena. Mkunga alimthibitishia asubuhi ile, akamuuliza habari za chakula na usingizi, na mwishoni akamuuliza kama nyumbani wanafuga paka. Breki alicheka, akasema mume wake hafugi hata samaki. Mkunga akasema ni vizuri, maana kwenye kinyesi cha paka huweza kukaa kidudu kisichoonekana kwa macho. Mtu mzima anaweza kukipata asijue, lakini kikimwingia mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto. Breki aliyasikia hayo kwa sikio moja. Jioni ile, Shangazi alipotoka kikapuni, akajinyoosha, akampita mwenye nyumba kana kwamba yeye ndiye mgeni, sikio la pili nalo likazibuka.

Alipaswa kusema pale pale. Alilijua hilo. Lakini Baridi alikuwa amechuchumaa sakafuni akimtazama yule paka, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Breki hakukiona tangu mwaka jana. Alikuwa anatabasamu. Akimwambia amrudishe, itabidi aseme sababu. Akisema sababu, watafurahi. Na furaha ndiyo hasa aliyokuwa akiiogopa. Akaamua atamwondoa paka kwa njia nyingine.

Alianza na viroboto. Akauliza paka ametoka wapi, akaambiwa ametoka mkahawa wa paka, kule mjini, ambako watu wanakunywa chai katikati ya paka waliookotwa mitaani, na anayempenda mmoja anaruhusiwa kumchukua moja kwa moja. Breki akasema paka wa mtaani aliyelala na wenzake wengi hakosi viroboto, na yeye hatalala kwenye nyumba ya viroboto. Baridi hakubisha. Kesho yake alimpeleka Shangazi kwa daktari wa wanyama, akarudi na dawa ya matone ya kumtia shingoni. Viroboto wakaisha.

Breki akahamia kwenye minyoo. Baridi akaleta vidonge, akamnywesha Shangazi huku amemviringisha kwenye taulo, akachanwa mikono yote miwili, akashukuru. Shangazi akapiga chafya, Breki akasema watu wataambukizwa mafua. Baridi akampigia daktari, akarudisha jibu kwa upole kwamba mafua ya paka ni ya paka, binadamu hayamshiki. Breki akauliza habari za chanjo. Chanjo alishachomwa. Kila alilolitoa mdomoni, mume alilipeleka kwa daktari kama mtu anayepeleka pasi kutengenezwa, akalirudisha limepona. Breki hakuwahi kuona mwanamume anayeudhi namna ile kwa wema.

Kisha likatokea lile doa. Kwenye mguu wa mbele wa Shangazi manyoya yalinyonyoka, pakabaki duara la ngozi lenye magamba, na baada ya siku chache duara kama lile likachomoza kwenye mkono wa Baridi. Ulikuwa ugonjwa wa choa. Breki aliona haya kujikuta amefurahi. Akamwambia mumewe, taratibu kabisa, kwamba sasa hakuna tena la kujadili, ugonjwa umeshahama kutoka kwa mnyama kuja kwa mtu.

Baridi aliutazama mkono wake, akamtazama Shangazi, akaenda kunywa maji. Aliporudi alikuwa amepata ufumbuzi. Alichukua godoro la wageni, dawa ya kupaka na redio, akahamia stoo pamoja na paka mpaka wote wawili wapone, ili asimwambukize mke wake.

Basi Breki akawa analala peke yake kitandani, na upande wa pili wa ukuta anamsikia mume wake akimsimulia Shangazi habari za friji aliyoitengeneza siku hiyo.

Kama hilo halikutosha, mama mkwe akapiga simu. Baridi alikuwa mikono imejaa dawa, akaweka simu kwenye spika, akamwambia mama yake hawezi kuongea sasa kwa sababu Shangazi ana choa na bado anamalizia dawa ya minyoo. Mama mkwe alikata simu akapigia ukoo mzima, akawauliza mashangazi mmoja mmoja ni yupi kati yao amehamia kwa kijana wake katika hali ile. Wawili waliona wametukanwa. Ilipobainika ni paka, aliona heri aje mwenyewe.

Alikuja Jumamosi, akaketi, akamtazama paka, paka naye akamtazama. Shangazi alikuwa na sikio moja zima na jingine nusu, na macho ya mtu anayesubiri aombwe radhi. Mama mkwe akatoa hukumu: manyoya ya paka yanaingia tumboni mwa mwanamke na kuziba kizazi, na ndiyo maana wawili hawa hawapati mtoto. Breki alitaka kumkumbusha kwamba paka amekuja juzi tu. Pia alitaka kumwambia kwamba kizazi anachosema kimeziba kina mtu ndani yake. Akageukia sinki, akaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mama mkwe akaendelea kwamba mtu mwenye akili huchagua kati ya paka na mjukuu. Hapo Baridi, ambaye hajawahi kumjibu mama yake, akasema, "Mama, mwache paka. Yeye hakumchukua mtoto wa mtu."

Breki alibaki ameshika sahani, maji yanamtiririka viwikoni. Mwaka mzima hawakuwahi kulitaja jambo lile kwa mdomo, na sasa limetajwa mbele ya mama yake kwa ajili ya kumtetea paka.

Jumatatu aliona imetosha. Baridi alipotoka kwenda kazini, Breki alivaa glavu za kuoshea vyoo, akamtia Shangazi kikapuni, akamweka kiti cha nyuma cha gari la kufundishia. Mwanafunzi wake wa asubuhi alikuwa mhasibu wa makamo aliyeogopa kukata kulia, na siku zote walizunguka mji kwa kukata kushoto tu. Siku hiyo Breki alimwambia waende mjini, na kulia watakata. Shangazi alilia njia nzima. Mhasibu alipanda ukingo wa barabara, akaomba radhi, haikujulikana anamwomba mwalimu au paka.

Mkahawa ulikuwa umefungwa. Breki aligonga kioo mpaka mwenye mkahawa akatoka, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni, naye amevaa glavu hadi kwenye viwiko. Breki alieleza shida yake kwa kifupi: paka ni mgonjwa, mume ni mgonjwa, amekuja kumrudisha. Mwenye mkahawa akasikitika, akasema hawezi kumpokea. Choa imewakumba paka wote, ndiyo maana wamefunga, anawapaka dawa na kuchemsha matandiko tangu wiki iliyopita. Daktari ameagiza kila paka aliyechukuliwa arudishwe kwake kuchunguzwa, na watu wanaoishi naye waende pia, wote, maana ana maswali ya kuwauliza.

Kisha akainama, akachungulia kikapuni, akatabasamu. "Shangazi. Kumbe wewe ndiye mke wa Baridi."

Breki akakubali, ingawa wiki hiyo hakuwa na uhakika sana.

Mwenye mkahawa akamwambia kwamba Baridi alikuja pale mwaka jana kutengeneza friji. Friji ilipona siku hiyo hiyo, yeye akaendelea kuja. Alikuja jioni baada ya kazi, akavua viatu, akakaa sakafuni kwenye ile kona karibu na dirisha, chai yake ikapoa mbele yake. Shangazi wakati huo alikuwa hamkaribii mtu yeyote, wateja walimwogopa. Siku moja akaja akalala juu ya soksi za Baridi, na tangu hapo walikaa pamoja kila jioni, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Breki alizikumbuka jioni hizo. Alikuwa akiambiwa jokofu la bucha limeharibika tena. Aliwahi kujiuliza ni bucha gani hilo lenye jokofu baya hivyo, na mwishowe akakata shauri kwamba bucha hilo linavaa gauni na kupaka manukato.

"Alikuambia kwa nini anakuja?" aliuliza.

Mwenye mkahawa alifuta miwani yake kwenye aproni, na Breki akajua anachagua maneno. "Alisema nyumbani pamekuwa kimya, naye hajui aanzie wapi kuongea."

Walirudi kwa kukata kushoto. Mhasibu alimuuliza mwalimu kama kweli hakukosea popote, kwa kuwa mwalimu hakugusa breki yake hata mara moja.

Kwa mumewe Breki hakusema habari za mkahawa. Alimwambia tu kwamba daktari anawahitaji wote watatu. Siku iliyofuata wakaenda, Baridi amekumbatia kikapu, Breki ametanguliza uso wa mtu aliyeitwa shuleni na mwalimu wa mtoto ambaye si wake. Kwenye benchi la kusubiria palikuwa na mbwa aliyefungwa bandeji, na kuku mmoja kwenye boksi aliyemkodolea Shangazi macho bila woga.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamume mrefu mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Alimulika ngozi ya Shangazi kwa taa ya rangi ya zambarau, akasema doa linapona. Akautazama mkono wa Baridi, akasema nao unapona, lakini amwone daktari wa watu kuhakikisha. Kisha akavuta kiti, akasema ataanza maswali, kwa kuwa paka wa mkahawani wanakaa wengi pamoja na mtu hajui wamebeba nini. Je, nyumbani kuna mtu mwingine mwenye vidonda vya ngozi? Hakuna. Kuna mtu mwenye pumu, au anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili? Hakuna. Watoto wadogo? Baridi akasema hakuna. Mjamzito?

"Hakuna," Baridi alisema upesi, macho yakiwa ukutani. Kisha, kama aliyeona jibu halijatosha, akaongeza, "Hatujajaliwa, daktari."

Alilisema hilo kwa utulivu wake wa kila siku, lakini kidole chake gumba kilikuwa kinasugua mkono wa kikapu, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Breki alikiona. Hasira yote aliyokuja nayo, ya choa na stoo na bucha la uongo, ikabaki haina pa kusimama.

"Yupo," alisema.

Daktari akainua kichwa. Baridi akageuka, akatazama nyuma ya mkewe, mlangoni, kana kwamba kuna mwanamke mwingine ameingia. Hakukuwa na mtu. Akayarudisha macho polepole mpaka yakamfikia Breki, na hapo yakakwama.

Daktari alijifanya hajaona kitu, akaendelea na kazi yake. Akaeleza kile kidudu ambacho mkunga alikitaja. Akasema watu wengi hukipata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa kuliko kwa paka waliyemfuga ndani. Akasema paka hakitoi maisha yake yote, hukitoa kwa muda mfupi tu, na kinyesi kikiondolewa kila siku kidudu hakipati nafasi ya kukomaa. Mama asiguse ule mchanga anaojisaidia paka. Paka asitoke nje kuwinda, asipewe nyama mbichi. Na kliniki watampima mama damu wajue kama mwili wake uliwahi kukutana nacho. Hakuna haja ya kumtupa mnyama, alimalizia, kuna haja ya kuwa makini.

Sidhani kama Baridi alisikia hata nusu. Alikuwa amesimama, ameshika kikapu kwa mkono ulionyooka mbali na mwili, na anarudi kinyumenyume hadi kona ya mbali ya chumba, ili Shangazi awe mbali na mkewe kadiri kuta zitakavyoruhusu.

Nje, Breki alifungua mlango wa gari. Baridi akakataa kupanda.

"Panda twende," Breki alisema.

"Siwezi kumweka gari moja na wewe. Nitatembea."

Akaanza kutembea, kikapu mkononi, kando ya barabara, kwenye jua. Breki aliketi kidogo akiutazama mgongo wake ukienda. Kisha akawasha gari, akamfuata mwendo wa mguu, kioo kimeshushwa, kibao cha shule ya udereva juu ya paa. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Madereva waliompita walimwangalia kwa huruma, wakidhani ndiye anayefundishwa.

"Daktari amesema ni kinyesi, si hewa," alimwambia kupitia dirishani.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku uliyomleta. Nilikuwa jikoni natafuta namna ya kukuambia, ukaingia na paka."

Baridi alipiga hatua kadhaa. "Siku zote hizi namsafishia mchanga, halafu nakuja mezani kukukatia mkate. Unaniangalia tu. Ungenieleza mara moja ningemwondoa usiku ule ule."

"Ningekueleza wapi? Ulihamia stoo."

"Nilihamia stoo nisikuambukize."

"Na jokofu la bucha?"

Baridi akasimama. Breki naye akakanyaga breki. Nyuma yao lori likapumua kwa nguvu na kusimama.

"Nilikwenda mkahawani," Breki alisema. "Mwaka mzima nakula na ukuta, nikidhani una mwanamke. Kumbe unakaa sakafuni na paka."

"Mwanamke ningempata wapi? Wewe mwenyewe unanivumilia kwa shida."

Breki hakutaka kucheka. Alishika usukani kwa nguvu asicheke, na badala ya kicheko yakamtoka machozi, jambo lililomuudhi kuliko yote ya siku hiyo.

Baridi akasogea karibu na dirisha, kisha akakumbuka kikapu, akakificha nyuma ya mgongo wake. "Ulipokuwa umenyamaza," alisema, "kila nikiingia nyumbani nilikuwa naisikia ile siku ya hospitali. Sikujua niseme nini. Nikisema pole, ni neno dogo. Nikinyamaza, naonekana sijali. Kule hakuna aliyengoja niseme kitu."

"Mimi nilikuwa nangoja."

"Najua. Ndiyo maana nilishindwa kuja."

Dereva wa lori alitoa kichwa nje, akauliza kama mwanafunzi amezimikiwa na gari. Breki akampungia mkono apite.

"Naogopa," alimwambia mumewe. "Nikikuambia tutafurahi, na tukishafurahi..." Hakumaliza.

"Mwaka jana ulilia peke yako bafuni, mimi nikalia peke yangu kwenye kona ya watu. Sasa unataka na kuogopa tuogope hivyo hivyo, kila mtu kivyake?" Hakupandisha sauti. "Mimi nimechoka na stoo, mke wangu."

Breki alinyoosha mkono nyuma, akafungua mlango. Baridi akapanda, akajibanza pembeni kabisa, kikapu juu ya magoti, akashusha vioo vyote. Hivyo ndivyo walivyorudi nyumbani, upepo unawachapa, paka analia, na kila mmoja akimtazama mwenzake kwenye kioo cha ndani na kuyaondoa macho akionekana.

Kliniki walimpima damu. Mkunga akasema mwili wake haujawahi kukutana na kile kidudu, kwa hiyo hana kinga, ajilinde hadi ajifungue. Kwa Baridi hiyo ilikuwa amri ya kumwondoa Shangazi mara moja. Jioni hiyo hiyo alikuwa ameshamfungia kikapuni, amevaa viatu, amesimama mlangoni, na alikuwa na uso ule ule wa mwaka jana. Breki ndiye aliyeziba njia.

"Mweke chini," alisema. "Ukimrudisha, kesho utakuwa na jokofu la bucha. Ninakujua."

Baridi akasema mtoto ni mkubwa kuliko paka. Breki akasema ndiyo, na baba wa mtoto je? Mchanga atausafisha Baridi, kila siku, kwa glavu. Nyama italiwa imeiva, ya watu na ya paka. Shangazi hatatoka nje wala hatapanda kitandani. Na yeye Baridi, choa ikishapona, atarudi kulala mahali pake, kwa sababu mkewe amechoka kusikiliza habari za friji kupitia ukutani.

Mama mkwe alipoambiwa habari, aliwaomba maji, akayanywa yote. Kisha akasema paka aondoke. Breki alikaa karibu naye, akamshika mkono.

"Mama, nilikuficha, unisamehe. Mwaka jana niliogopa kukutazama usoni. Lakini paka atabaki. Mwanao amerudi nyumbani kwa ajili ya huyu paka, na mimi namhitaji mwanao."

Mama mkwe alitaka kujibu la manyoya, ilionekana linamjia mdomoni. Akalimeza. Akasema kama ni hivyo atakuwa anakuja kila Jumamosi kumsimamia huyu kijana anavyosafisha, maana yeye ndiye aliyemlea na anajua hajawahi kufagia chini ya kitanda. Breki alihema. Hilo nalo litabidi livumiliwe.

Mchana huo Baridi alisafisha mchanga mbele ya mama yake, glavu hadi kiwikoni, barakoa usoni. Mama mkwe alimwonyesha punje aliyoiacha. Baridi alipofunga mfuko na kuutupa nje, akavua glavu, akaja mbio hadi alipoketi mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari akanyoosha mkono kumgusa tumbo.

"Kanawe kwanza," Breki alisema.

Akaenda bafuni. Maji yakafunguliwa. Breki alingoja. Mama mkwe aliingia jikoni kutafuta la kukosoa, Shangazi akajilaza kwenye jua na kuanza kujilamba ule mguu uliokuwa na doa, ambao sasa manyoya yalikuwa yanaota. Maji bado yanamwagika. Breki alifikiri jinsi mtu huyu akiambiwa jambo anavyolifanya hadi kero. Akiambiwa anawe, atamaliza maji ya mtaa mzima. Akainuka, akaenda kumwambia inatosha.

Baridi alikuwa ameinama juu ya sinki, mikono yote miwili chini ya bomba, sabuni imeshaisha zamani. Hakuwa ananawa. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na maji alikuwa ameyaacha yapige kelele kwa niaba yake.

Breki alipita nyuma yake, akafunga bomba, akaivuta kwake ile mikono baridi yenye maji, akaiweka tumboni. Gauni likalowa. Wakasimama hivyo mpaka mama mkwe alipoita kutoka jikoni kuuliza ni nani aliyeweka chakula cha paka karibu na sukari.